Ukisema Filamu Fulani Iliibiwa Tuzo, Niambie Ulichokiona

Mwaka 1942 Citizen Kane ilifika kwenye Oscar ikiwania tuzo 9 na ikaondoka na moja tu, ya mswada, waliyogawana mwongozaji wake Orson Welles na Herman Mankiewicz. Filamu Bora ikawa How Green Was My Valley ya John Ford. Tangu hapo, kila anayetaka kutuonyesha kwamba watoa tuzo hawajui sinema huanzia hapo hapo: si waliinyima Citizen Kane? Na wengi wanaoirudia hoja hiyo hawajawahi kuitazama filamu iliyoshinda. Wanalijua jina lake kama wanavyolijua jina la mwizi.

Hilo linanikera kuliko matokeo yenyewe. Mimi niko upande wa Citizen Kane, na ningekuwa na kura ningeipa bila kusita. Lakini mjadala wa nani alistahili tuzo una maana kwangu pale tu ambapo filamu zote mbili zimetazamwa na mbishani anaweza kusema ameona nini.

Basi tuzitazame. Katika Citizen Kane kuna tukio la mama anayesaini karatasi za kumkabidhi mwanawe kwa mtu wa benki, ili akalelewe kitajiri mbali na nyumbani. Tunaanza na mtoto anacheza kwenye theluji. Kamera inarudi nyuma, tunagundua tulikuwa tunamtazama kupitia dirisha, inaendelea kurudi hadi ndani kabisa, mezani. Mama ameketi karibu nasi, kalamu mkononi, mtu wa benki ubavuni mwake. Baba amesimama hatua chache nyuma yao; hataki mpango huo, lakini hakuna anayemsikiliza. Na nyuma yao wote, ndani ya lile dirisha, mtoto bado anacheza na kupiga kelele. Mpiga picha Gregg Toland amehakikisha hakuna aliyefifia: mama, baba na mtoto wote wanaonekana wazi kwa wakati mmoja. Hatukatiwi picha ya uso wa huyu kisha ya yule. Tunaachwa tuone wenyewe kwamba maisha ya yule mtoto yanaamuliwa wakati yeye anarusha theluji.

Sasa nenda kwa Ford. Angharad, binti wa mchimba makaa ya mawe huko Wales, anaolewa na mtoto wa mwenye mgodi, ilhali moyo wake uko kwa mchungaji Gruffydd. Wanatoka kanisani. Upepo unainyanyua shela yake, inapanda juu ikijizungusha, na uso wake hauna hata chembe ya furaha ya bibi harusi. Gari la farasi linaondoka. Ndipo tunamwona mchungaji, mbali kule juu, chini ya mti, mtu mdogo mweusi aliyesimama peke yake. Mwongozaji mwingine angetukimbiza kwenye uso wake tuone machozi. Ford alikataa, akamwacha huko huko mbali.

Nikiyaweka matukio haya mawili pamoja, naona jambo ambalo kelele za "iliibiwa" zinalifunika. Filamu zilizoshindana mwaka mmoja, na zote mbili zinamweka mbali kabisa na kamera yule anayeumizwa zaidi. Waongozaji wote wawili walijua wanachofanya. Kura yangu inakwenda kwa Welles kwa sababu kwake umbali ule ndio mwili wa filamu nzima: dari zinazoonekana juu ya vichwa vya watu, vyumba vinavyozidi kuwa vikubwa kadiri ndoa inavyokufa, mtu anayezidi kupungua ndani ya jumba lake mwenyewe. Kwa Ford ni lulu moja ndani ya filamu nzuri. Na tuzo ninayoibishia kwa nguvu zote mwaka ule wala si ya Filamu Bora. Ni ya upigaji picha wa nyeusi na nyeupe, ambayo alipewa Arthur Miller wa filamu ya Ford huku Toland akibaki mshindani tu. Hapo, kwa macho yangu, hapakuwa na mashindano.

Nimeona mijadala mingi ya tuzo ikiharibika kwa sababu watu wanapima kwa mizani tofauti na hakuna anayemwambia mwenzake. Mmoja anahesabu mauzo ya tiketi. Mwingine anapima machozi. Wa tatu anataka mwigizaji fulani apewe kwa sababu amesubiri mno.

Huyo wa tatu ndiye anayenipa shida zaidi, maana nia yake ni njema. Martin Scorsese alishindwa na Robert Redford mwaka 1981 akiwa na Raging Bull, akashindwa na Kevin Costner mwaka 1991 akiwa na Goodfellas, hatimaye akapewa tuzo ya mwongozaji mwaka 2007 kwa The Departed. Ukumbi mzima ulisimama kumshangilia. Nami nilifurahi, lakini sijakutana na mpenzi wa Scorsese anayesema The Departed ni kilele chake. Mwaka 1993 Al Pacino, aliyekuwa ameteuliwa mara nyingi bila kushinda, alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwa Scent of a Woman. Kwenye orodha hiyo hiyo alikuwepo Denzel Washington kwa Malcolm X. Mtazame Denzel kwenye filamu ile, anavyobadilika kutoka kijana wa mtaani mwenye madaha hadi mtu ambaye hata kimya chake kina nidhamu, halafu niambie kazi gani mwaka ule ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Tuzo ya mwigizaji mkuu alikuja kuipata mwaka 2002 kwa Training Day. Ukilipa deni la mtu mmoja kwa kutumia haki ya mwingine, umefungua deni jipya. Akademi, chama kinachotoa Oscar, ina tuzo za heshima kwa kazi hiyo. Alfred Hitchcock, aliyeteuliwa mara 5 kama mwongozaji bora na kukosa zote, alipewa tuzo ya heshima ya Irving Thalberg mwaka 1968. Wengi wanaona ilikuwa kidogo na imechelewa, nami nakubali, lakini angalau haikumnyang'anya mtu yeyote aliyekuwa kwenye mashindano.

Mizani nyingine inayotupotosha ni mada. Filamu inazungumzia ubaguzi, au vita, au ugonjwa, basi mtazamaji anaona kuipinga ni kupinga wema wenyewe. Mwaka 1990 Driving Miss Daisy ilishinda Filamu Bora. Do the Right Thing ya Spike Lee haikuteuliwa hata kuwania kipengele hicho; ilipata uteuzi wa mswada na wa mwigizaji msaidizi, basi. Mwigizaji Kim Basinger alipopanda jukwaani kutambulisha filamu nyingine alilisema jambo hilo waziwazi mbele ya ukumbi, na ninamheshimu kwa hilo hadi leo. Filamu zote mbili zinahusu weusi na weupe wa Marekani. Moja inamhakikishia mtazamaji kwamba urafiki na subira vinatosha. Nyingine inampeleka kwenye mtaa mmoja, siku moja ya joto kali, inamfanya awapende karibu wote waliomo, kisha inamwonyesha jinsi watu hao hao wanavyofika kwenye moto. Mada ni ileile. Tofauti iko kwenye kile filamu inachothubutu kumfanyia anayeitazama, na hiyo ndiyo sehemu ya kubishania.

Mwaka 2019 hadithi ilijirudia kwa namna fulani. Green Book ilishinda huku Spike Lee akiwa ukumbini na BlacKkKlansman, iliyompa tuzo ya mswada, na Alfonso Cuarón akiwa na Roma. Ndugu wa mpiga piano Don Shirley walikuwa wamelalamika hadharani kuhusu namna Green Book ilivyomchora. Tuliibishania nyumbani. Dada yangu mkubwa aliipenda sana, na hakuwa na muda na Roma.

"Mdogo wangu, filamu gani hiyo? Nusu saa nzima naangalia mtu anafua."

Nikamjibu, "Dada, basi tuangalie pale baharini tu. Ukiona hakuna kitu, nanyamaza."

Tukaangalia. Cleo, mfanyakazi wa ndani, ameachwa ufukweni na watoto. Hajui kuogelea. Watoto wawili wanavutwa na mawimbi, naye anaanza kutembea kuingia majini. Kamera inamfuata ubavuni kwa mwendo wake, haikimbii, haikati. Maji yanafika magotini, kiunoni, kifuani, mawimbi yanamfunika kichwa, naye anaendelea. Tunasikia bahari tu. Anawafikia, anawarudisha, inafuata familia nzima kukumbatiana mchangani, na hapo ndipo anatamka jambo alilolificha kuhusu mtoto wake aliyezaliwa amekufa. Yote hayo ni picha moja isiyokatwa. Na kule kufua kulikomchosha dada, zile asubuhi ndefu za kuosha sakafu na kupandisha nguo juu ya paa, ndiko kunakoufanya ule mwendo wa kuingia baharini uwe mzito hivyo: tumeshaujua mwili wa mwanamke huyu, tunajua anavyotembea, anavyochoka.

Dada alikaa kimya kidogo, akasema, "Hapo sawa. Lakini wale wawili wa Green Book kwenye gari ndio walionichekesha na kuniliza." Na hoja yake si ya kupuuzwa. Viggo Mortensen na Mahershala Ali ni wazuri mno ndani ya lile gari, na filamu inayoweza kumshika mtu wa kawaida kwa saa mbili si kazi ya bahati nasibu. Sijamshawishi. Ila tangu siku ile tunabishana vizuri zaidi, kwa sababu kila mmoja analeta alichokiona.

Nikiwa bado kwa Ali, kuna jambo moja nataka kulisema. Alishinda mwaka ule kama mwigizaji msaidizi, wakati yeye na mwenzake wanaibeba filamu wote wawili. Studio huchagua kipengele ambacho zinaona nafasi ni kubwa zaidi na kumfanyia mtu wao kampeni humo, ingawa uamuzi wa mwisho uko kwa wapiga kura. Viola Davis alishinda Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani, ya mwaka 2010 kama mwigizaji mkuu kwa uhusika wake katika Fences, kisha mwaka 2017 akashinda Oscar kwa uhusika ule ule kama msaidizi. Mwaka 2021 Daniel Kaluuya na LaKeith Stanfield wote waliteuliwa kama wasaidizi kwa Judas and the Black Messiah, ikawa filamu yenye wasaidizi wawili na haina steringi. Anayeumia ni yule mwigizaji mwenye dakika kumi za kweli, aliyefanya maajabu ndani ya hizo dakika kumi, ambaye sasa lazima ashindane na mtu aliyekuwa mbele ya kamera filamu nzima. Kipengele kile kiliwekwa kwa ajili yake.

Wapo wanaoeleza kila matokeo kwa neno moja, kampeni. Kweli, mwaka 1999 Shakespeare in Love iliishinda Saving Private Ryan baada ya kampeni kali ya Miramax, kampuni ya Harvey Weinstein, na namna ile ya kusaka kura ikawa desturi ya Hollywood. Lakini kampeni inaweza kumfanya mtu aitazame filamu; haimlazimishi aipende. Sababu kubwa zaidi iko kwenye karatasi ya kura, na watu wengi hawaijui.

Kwenye karibu vipengele vyote vya Oscar, mwenye kura nyingi anashinda. Filamu Bora iko tofauti. Tangu sherehe ya 2010, walipoongeza idadi ya filamu zinazowania kutoka 5 hadi 10, kila mpiga kura anazipanga: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Hakuna iliyopita nusu ya kura za kwanza? Ile ya mwisho inaondolewa, na karatasi za waliokuwa wameiweka juu zinahamia kwa chaguo lao linalofuata. Hesabu inarudiwa hadi moja ivuke nusu. Chukua wapiga kura 100. Filamu ya kwanza ina mashabiki 40 wanaoiabudu, lakini waliobaki wote hawaipendi. Ya pili ina 35, ya tatu 25. Ya tatu inaondoka, na wale 25 wote walikuwa wameiweka ile ya pili nafasi ya pili. Sasa ya pili ina 60 na imeshinda, ingawa mwanzoni ilikuwa nyuma.

Utaratibu huu unazibeba filamu ambazo watu wengi wanazipenda kiasi, na unaziangusha zile zinazogawanya ukumbi. Kwa sababu hiyo siku hizi sishangai mwongozaji bora akitoka filamu moja na Filamu Bora ikaenda kwingine, kama Cuarón na Green Book. (Mgawanyiko wenyewe ni wa zamani: mwaka 2006, kabla ya utaratibu huu, Ang Lee alipewa uongozaji kwa Brokeback Mountain na Filamu Bora ikaenda kwa Crash, uamuzi ambao hata baada ya kuitazama tena Crash siwezi kuutetea.) Usidhani kwamba filamu inayopendwa kiasi lazima iwe nyepesi. Mwaka 2017 La La Land ilikuwa na uteuzi 14, idadi iliyolingana na rekodi ya wakati huo, na hata jina lake lilitangulia kusomwa baada ya Warren Beatty na Faye Dunaway kupewa bahasha isiyo yao. Mshindi alikuwa Moonlight, filamu ya Barry Jenkins, tulivu na ya bajeti ndogo, yenye waigizaji watatu wanaomcheza mtu mmoja katika umri tofauti. Matokeo ya kura hayatangazwi kamwe, kwa hiyo anayekuambia filamu fulani ilishinda kwa kura tatu anakudanganya. Mimi naamini Moonlight ingeshinda kwa utaratibu wowote ule, lakini hiyo ni imani yangu tu.

Halafu kuna suala la nani anayepiga kura. Mwaka 2012 gazeti la Los Angeles Times lilichunguza na kukuta wanachama wa Akademi ni weupe kwa karibu asilimia 94 na wanaume kwa asilimia 77. Mwaka 2015 na tena 2016, walioteuliwa kwenye vipengele vyote vya uigizaji, watu 20 kila mwaka, walikuwa weupe watupu. Kelele za #OscarsSoWhite, zilizoanzishwa na April Reign, ndizo zilizoilazimisha Akademi kualika maelfu ya wanachama wapya, wengi kutoka nje ya Marekani. Mwaka 2020 Parasite ya Bong Joon-ho, filamu ya Kikorea, ikawa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Filamu Bora, baada ya miaka zaidi ya 90 ya tuzo hizo. Sidhani kwamba kabla ya hapo dunia nzima ilikuwa haijatengeneza filamu ya namna hiyo. Ni macho ya watazamaji yaliyobadilishwa, kwa makusudi, na ilibidi watu wapige kelele kwanza.

Hata hivyo mlango haujafunguka sawasawa. Muda mfupi kabla ya ushindi wa Parasite, Lionheart ya Genevieve Nnaji, ambayo Nigeria iliiwasilisha kwa kipengele cha filamu ya kimataifa, iliondolewa kwa sababu sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni kwa Kiingereza. Kiingereza ni lugha rasmi ya Nigeria. Kanuni ilifuatwa neno kwa neno, na bado naona filamu ile ilitendewa vibaya.

Kanuni moja niliyoifurahia ni ile iliyotangazwa Aprili 2025: mwanachama hawezi tena kupiga kura ya mwisho kwenye kipengele asipotazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Kwa miongo yote hiyo, kwenye vipengele vingi, hilo halikuwa sharti! Nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza ni kazi ngapi zilipotea kwa sababu ya watu waliopigia kura jina walilolisikia kwenye sherehe ya jioni.

Nina mwaka mmoja ambao napenda kuutumia nikibishana na wanaodharau majaji. Ni 1975, kule kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ambako si maelfu ya watu wanaoamua bali jopo dogo linalokaa chumbani na kubishana hadi likubaliane. Jeanne Moreau ndiye aliyeongoza jopo. Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha hilo, ilikwenda kwa Mohammed Lakhdar-Hamina wa Algeria kwa Chronique des années de braise, na hadi leo ndiyo filamu pekee kutoka nchi ya Afrika kuipata. Msimu huo huo, nje ya mashindano, ilionyeshwa Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ambayo mwaka 2022 kura ya wahakiki ya jarida la Sight and Sound iliiweka namba moja kati ya filamu zote zilizowahi kutengenezwa. Mara moja nasikia: unaona, walikosea, walimpa mtu asiyejulikana wakaiacha kazi kubwa.

Kwanza, filamu ya Akerman haikuwa mezani kwao. Pili, hebu itazame ile iliyoshinda. Karibu saa tatu, kuanzia ukame unaowafanya watu wa vijiji jirani kupigana kwa ajili ya maji, hadi Novemba 1954 vita vya ukombozi vinapoanza. Lakhdar-Hamina mwenyewe anamcheza Miloud, mwendawazimu anayewahubiria wafu makaburini kwa sababu walio hai hawamsikilizi. Ana umati wa mamia kwenye fremu na bado unajua yupi ana kiu. Filamu ya Akerman nayo inamtazama mama mjane kwa siku tatu za kazi za nyumbani, na viazi vilivyoiva kupita kiasi vinatosha kukuogopesha. Naziheshimu zote mbili. Kama zingekuwa kwenye mashindano mamoja, leo ningempa Akerman, kwa tofauti ndogo sana, na ningetaka kusikia kutoka kwa mtu aliyezitazama zote mbili kwa nini iwe Lakhdar-Hamina.